Karani wa Mizani

Nilidhani ni salfa.
Kila Julai kifua changu hukohoa vumbi la mikorosho,
kila Agosti hupoa. Mwaka huu hakikupoa.
Nikalalia mito mitatu, kisha minne,
kisha nikalala nimekaa, kama mlinzi wa ghala.

Hospitali walinipaka mafuta ya baridi ubavuni
wakauchungulia moyo wangu kwenye kioo.
Daktari Nangonga, kijana, kalamu mbili mfukoni,
akasema: "Moyo umeshindwa kazi, mzee."
Umeshindwa.
Miaka ishirini na miwili ya kupima korosho Kitangari
sijashindwa hata siku moja kufungua ghala,
na huyu wa ndani, kibarua nisiyemlipa,
ananiacha na msimu haujafunguliwa.

Akakunja ngumi. Moyo wa mtu ni kama hivi.
Wako umefunguka.
Nami nikaikunja yangu chini ya meza.
Waliosema piga moyo konde
hawakuwahi kuuona ukilegea kwenye kioo,
ukipapasa, ukisahau zamu.

Na maji. Maji, jamani!
Mimi mtoto wa Newala,
niliyezaliwa juu huku, ambako mama alishuka bondeni alfajiri
akapanda na ndoo jua likiwa utosini,
tuliooga kwa kikombe na kushukuru,
leo naambiwa maji yamenizidi:
yako miguuni, yako mapafuni,
kidole kikibonyeza kifundo kinaacha kisima.
Lita moja na nusu kwa siku. Chumvi hapana.
Uraka usiutaje.
Somoe alicheka mpaka akalia,
au kinyume chake, sikuuliza.

"Jipe moyo," wanasema wanaokuja na ndizi.
Niutoe wapi? Ningekuwa na wa akiba
ningekuja kuwatazama nyinyi.

Ijumaa ni basi la Dar.
Watachana ngozi hapa, chini ya mtulinga wa kushoto,
watatia kidude cha ukubwa wa kiberiti
na nyaya mpaka ndani,
kiushike mkono moyo uliopoteza hesabu.
Mjukuu wangu Twaha anauliza kama kitachajiwa kwa sola.
Mimi niliulizia betri: miaka minane, pengine kumi.
Misimu kumi ya korosho.
Mbona inanitosha kuliko zamani, nilipokuwa sina idadi?

Kila asubuhi napanda mizani ya ghala,
pale pale yanapopanda magunia.
Somoe anasoma, anaandika kwenye daftari:
themanini na moja. Themanini na mbili na nusu.
Zikizidi mbili ndani ya siku tatu, tumpigie daktari.
Kumbe kilo moja ni kitu kikubwa.

Nami ninayo ya mtu.
Msimu ule wa mvua za mapema nilimkata Bi Atweshe
kilo moja kila gunia, magunia sita,
nikasema "unyevu",
na kipima unyevu kilikuwa kabatini, hakina betri.

Jana nilikwenda kwake, nikipumzika kila mkorosho wa tatu,
na bei ya kilo sita mfukoni, upande wa kulia,
kwa kuwa wa kushoto najifunza kuuacha wazi.
Nikaeleza. Hakucheka, hakusamehe upesi.
Alihesabu noti mara mbili,
akasema bei ya mwaka ule ilikuwa juu zaidi.
Nikaongeza.
Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji
ya mtungini, ya mvua, baridi,
kimejaa mpaka ukingoni.

Nilikitazama. Nilikwisha kunywa vinne tangu asubuhi.
Nikanywa nusu, nikamrudishia nusu
bila kueleza kitu,
naye akainywa iliyobaki, amesimama,
akinitazama kifuani
kama mtu anayesubiri mshale utulie.